Jina Nililompa Mzee Halake

Ipo siku moja ninayoikumbuka, mwanangu, na kama kumbukumbu zingekuwa nguo, hiyo ningekuwa nimeivua zamani nikaitupa jalalani. Ilikuwa siku ya soko la mifugo hapa Isiolo, saa nne asubuhi hivi, vumbi la mbuzi na ngamia limetanda mpaka kwenye kibanda changu cha kutengeneza redio, kando ya barabara inayoingia mtaa wa Kiwanjani.

Nilikuwa na miaka arobaini na tatu. Utaniambia huo si ujana, na utakuwa umesema kweli. Lakini serikali ya kaunti ilikuwa ndiyo kwanza imetujia. Ofisi zilifunguliwa kila kona, wageni walijaa, mikutano ya hadhara haikwisha, na kila mkutano ulitaka vipaza sauti. Mimi niliyekuwa nikihangaika na redio za wazee nikawa mtu wa kuitwa na wakubwa. "Fundi Mutwiri yuko wapi? Mkutano hauanzi bila Mutwiri." Mtu akipewa umaarufu kidogo ukubwani hurudi ujanani mara ya pili, akafanya hata yale makosa aliyoyaruka mara ya kwanza. Ndivyo nilivyokuwa mimi.

Mbele ya kibanda changu kulikuwa na benchi. Hapo waliketi vijana wa bodaboda wakingoja abiria, na wanaume wawili watatu wenye miraa mashavuni ambao sikuwahi kujua kazi yao ni nini. Nilipenda wakae. Nilipenda zaidi kuwachekesha. Fundi anayechekesha hapungukiwi na watu, na mimi nilidhani kutopungukiwa na watu ndiko kuheshimiwa.

Basi asubuhi hiyo akaja Mzee Halake. Alikuwa Mborana, mtu wa Korbesa kwa kuzaliwa, mrefu, mkimya, aliyeendesha lori la idara ya mifugo mpaka akastaafu na kuhamia Kiwanjani na mkewe, Mama Talaso. Hakusoma shule. Alama za barabara alizijua zote, na jina lake alijua kulitia sahihi, zaidi ya hapo hapana. Lakini wafugaji wakigombania kisima, yeye ndiye alikuwa akitafutwa. Aliketi katikati yao, akasikiliza kutwa nzima, kisha akasema maneno machache na watu wakaenda nyumbani. Kusikiliza ndiyo ilikuwa kazi yake, mwanangu. Liweke hilo akilini.

Nyuma yake mkokoteni ulibeba sistimu yake ya muziki, ile ya zamani: amplifaya nzito kama mawe ya kusagia, deki ya kaseti, redio, na spika mbili za mbao zilizofunikwa blanketi. Alikuwa ameinunua alipostaafu, kutoka kwa ofisa mmoja aliyekuwa anahama. Alisikilizia habari, na nyimbo za gitaa za kwao.

"Salaam aleikum, fundi."

"Aleikum salaam, Mzee. Leo umehama na nyumba nzima?"

Benchi likacheka. Yeye akatabasamu kidogo. "Hii kitu imenishinda. Spika ya kulia imekufa. Nikiweka habari, nasikia upande moja tu. Hiyo ingine ni kama mtu anaongea nyuma ya ukuta."

Aliposogea karibu niliona pamba katika sikio lake la kulia. Ilikuwa imelowa samli, kama wafanyavyo wengi sikio likiuma. Na chini ya harufu ya samli kulikuwa na harufu nyingine, mbaya. Niliiona pamba, nikainusa harufu, mikono yangu ikaendelea kufungua skrubu. Nakuapia, mwanangu, macho yanaweza kuona kitu na mwenye macho asikione.

Sasa, kwa vile huenda nawe siku moja ukashika kazi hii, nikueleze. Sauti ikikosekana upande mmoja, mjinga hukimbilia kuifungua spika. Fundi huanza na lililo rahisi. Atazungusha kitufe cha balansi, kile kinachogawa sauti kulia na kushoto, maana huenda mtoto amekichezea. Atapuliza dawa kwenye kitufe cha sauti, kwani vumbi letu hili huingia humo na kukwaruza. Kisha atabadilisha nyaya: wa kulia auweke kushoto, wa kushoto kulia. Kimya kikihamia kushoto, spika zote mbili ni nzima, kosa liko kwenye amplifaya. Kikibaki palepale, spika ndiyo mgonjwa. Ni hesabu ndogo tu, lakini wengi wameharibu mashine za watu kwa kuiruka.

Nilifanya yote hayo. Masikio yangu yalisikia spika zote mbili zikilia sawasawa, safi, kama siku zilipotoka kiwandani. Nikamuuliza, "Sasa je?"

"Bado. Ya kulia imekufa."

Nikabadilisha nyaya. "Na sasa?"

"Bado ya kulia."

Nikahamisha spika zenyewe, ya kulia nikaiweka kushoto. Akatega tena, akatikisa kichwa. "Ya kulia, fundi. Hii ya kulia."

Hapo nikajua. Ningeweza kunyamaza. Ningeweza kusema, "Mzee, ingia ndani kidogo tuzungumze." Kibanda kilikuwa na chumba cha nyuma na kilikuwa na mlango. Lakini benchi lilikuwa limenyamaza likitazama, na mimi nilikuwa sijawahi kuliacha benchi langu likalala njaa. Nikamshika mzee wa watu mabega, nikamgeuza kama unavyogeuza ng'ombe mnadani, akazipa spika mgongo na kuikabili barabara.

"Na sasa, Mzee?"

Uso wake ukachangamka. "Aa! Ile imefufuka! Sasa hii ingine ndiyo imekufa."

Nikaligeukia benchi kwanza kabla sijamgeukia yeye. "Mzee," nikasema kwa sauti ya mkutano, "sistimu haina neno. Peleka masikio gereji. Wewe sasa si stereo tena, wewe ni mono!"

Walicheka mpaka mmoja akatema miraa yake chini. Kama hujui, mono ni mashine ya sauti ya upande mmoja. Walipomaliza kucheka walianza upya. "Mono! Mzee Mono!"

Mzee Halake alisimama akiwa bado ametazama barabarani. Sijui alichokuwa anakiona huko. Kisha akageuka, akaninyooshea mkono.

"Asante, fundi," akasema.

Akaifunika sistimu yake kwa blanketi, pole pole, pembe hadi pembe, akamwashiria mwenye mkokoteni waondoke. Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, walisema waliotutangulia. Dole lingepona siku ile ile.

Jina lilimfuata. Mwezi haukuisha kabla hata watoto wa Kiwanjani hawajalijua. Nilisikia likitajwa sokoni, nilisikia likitajwa stendi, na sitakudanganya, mwanzoni nililifurahia kama mtu aliyetunga wimbo ukaimbwa.

Kisha kukawa na mkutano wa kuzungumzia kisima kipya kingechimbwa wapi. Nilikuwa nimefunga vipaza sauti vyangu, nimekaa kando na mashine mbele yangu. Mzee Halake akaitwa aseme, maana neno la kisima lisingeamuliwa bila yeye. Pamba haikuonekana tena sikioni. Badala yake alikuwa ameshusha kofia yake mpaka ikafunika masikio. Aliposimama, mama mmoja aliyekuwa upande wake wa kulia akamuuliza, "Mzee, kiangazi kikija, ng'ombe ya majirani itakunywa maji wapi?"

Mzee Halake akaitikia kwa kichwa, kwa heshima. "Ndiyo," akasema, "barabara sasa ni mzuri."

Halafu sauti ikatoka nyuma: "Mono! Ongeza volyumu!"

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Hata wazee wa mstari wa mbele, waliokuwa wamepatanishwa na mtu yule mara ngapi sijui, walificha midomo. Mkono wangu ulikuwa juu ya kitufe cha sauti. Kipaza sauti cha pili kilikuwa pajani pangu. Ningeweza kusema maneno mawili yakafunika kicheko chote kile. Mashine zangu zilikuwa na nguvu hiyo. Nikainama, nikajifanya natafuta waya uliokatika.

Alipoketi sikumtazama. Nilipoinua kichwa, kiti chake kilikuwa kitupu. Hakuonekana tena katika mkutano wowote, na kisima kile kilichimbwa pale alipotaka mwenye sauti kubwa. Ugomvi wake haujaisha mpaka leo.

Sasa sikiliza kosa la pili, mwanangu, maana la kwanza lilikuwa ujinga. La pili nililifanya nikiwa na akili zangu timamu.

Wiki tatu hivi baada ya mkutano, Mama Talaso akaja kibandani. Hakuketi. Alisimama mbali kidogo na benchi, ushungi ameukaza, akaniita kwa kidole.

"Fundi, nataka kukuuliza. Ile siku mzee alileta redio hapa, ulipata shida gani? Yeye amekataa kuniambia. Na tangu ule mkutano wa kisima hataki kutoka nyumbani."

Nikaona kwamba hajui. Jina lilikuwa limezunguka mji mzima na halijathubutu kumfikia yeye.

"Ni waya tu, Mama," nikasema. "Imelegea."

"Waya tu?"

"Waya tu."

Alinitazama sana. "Mimi nilidhani ni masikio. Inatoa maji mbaya, na usiku anashika kichwa. Nimemwambia twende hospitali, anasema watu watamcheka huko. Nikajiuliza, watu wacheke nini?"

Mwanangu, mlango wenyewe ulikuwa umefunguliwa ukaachwa wazi. Alikuwa amelitaja sikio kwa mdomo wake. Kilichobaki ni mimi kusema ndiyo. Lakini ningesema ndiyo, angeuliza, "Ulijuaje?" na benchi lilikuwa pale pale, masikio wazi, tayari kumsimulia nilivyojua.

"Aa, si masikio, Mama," nikamwambia. "Nitakuja niikaze hiyo waya."

Nilikwenda kesho yake. Nikaifungua amplifaya iliyokuwa nzima, nikakaza skrubu zilizokuwa zimekaza, nikafuta vumbi, nikagusagusa huku na huku na chuma cha kulehemu ili moshi uonekane. Mzee Halake alikaa kwenye kiti chake akinitazama. Kiti alikuwa amekiweka kiupande, sikio la kushoto limeelekea spika. Ile harufu sasa ilisikika kutoka pale nilipochuchumaa.

"Jaribu sasa, Mzee."

Gitaa likalia. Akalisikiliza, au akalitazama, sijui. Macho yake yakaja kwangu yakatulia.

"Sasa iko sawa," akasema.

"Iko sawa?"

"Iko sawa kabisa, fundi. Allah akubariki."

Alijua kwamba najua. Mimi nilijua kwamba anajua. Tukakaa pale tukinywa chai ya maziwa ya Mama Talaso, wanaume wawili wazima tunadanganyana mbele ya mwanamke mmoja aliyekuwa anatafuta ukweli. Yeye alidanganya kwa sababu nilikuwa nimemvunjia heshima. Mimi sikuwa na sababu yoyote ya maana. Mficha maradhi kifo humuumbua, husemwa. Lakini methali hiyo haisemi ni nani aliyemfundisha mgonjwa kuyaficha.

Siku kumi na mbili baadaye alipandwa na homa, akatapika, shingo ikakakamaa kama mti. Walimbeba asubuhi hospitali ya hapa mjini, na jioni akapelekwa kwingine, hospitali kubwa zaidi. Alilazwa zaidi ya mwezi. Usaha wa lile sikio ulikuwa umepenya mfupa ukafika kwenye utando wa ubongo. Daktari aliwaambia watoto wake kwamba angefika miezi mitatu kabla, ingekuwa kazi ya dawa na kusafishwa, na pengine hata lile sikio la kulia lingepona.

Hakufa. Lakini alirudi Kiwanjani bila sikio hata moja linalosikia; ugonjwa ulikuwa umeliua na lile la kushoto. Adhana hakuisikia, wajukuu hakuwasikia, lori likipita alilihisi kwa miguu.

Nilikaa miezi miwili nikijiambia nitakwenda. Kila siku nilikuwa na mkutano. Hatimaye nikaenda. Mama Talaso alikuwa uani akisugua sufuria kwa majivu. Hakuinuka.

"Mmoja wa wale watu wa benchi yako alikuja kumjulia mzee hali," akasema. "Akalia. Akaniambia yote. Kugeuza mzee, kucheka, jina. Yote."

"Mama, mimi..."

"Ngoja. Kucheka, watu wanacheka. Vijana ni vijana, na wewe ni mzee mwenye akili ya vijana. Hiyo ningekusamehe. Lakini mimi nilikuja kwako. Nilikuuliza. Nikakutajia masikio, kwa mdomo wangu. Ukasema si masikio."

"Niliona haya, Mama."

"Haya?" Akaiweka sufuria chini. "Siku ya kucheka hiyo haya ilikuwa imeenda wapi?"

Nimekemewa na wengi maishani: baba yangu, mwalimu, polisi. Hakuna aliyenikemea kwa sauti ya chini kama ile.

Nikaingia ndani. Mzee Halake alikuwa kwenye kiti chake. Sistimu ilikuwa bado pale ukutani, imefunikwa blanketi. Nilipiga magoti, mimi mtu wa vipaza sauti, nikamwambia kila kitu. Nikamwambia nisamehe, Mzee. Nikasema kwa nguvu, nikasema pole pole, nikarudia. Alinitazama midomo kwa adabu, na akatabasamu lile tabasamu la viziwi wanapoogopa kukuudhi. Nilipomaliza akanishika mkono.

"Mimi mzima," akasema kwa sauti kubwa isiyojijua. "Watoto wako wazima?"

Mama Talaso alikuwa amesimama mlangoni. Nilikuwa nimesikia kwamba wao wawili wamejitungia ishara za mikono, na kwamba anamwelewa kwa kila jambo. Nikamgeukia.

"Mama, tafadhali. Mwambie. Mwambie naomba msamaha."

"Hapana," akasema. "Yale ya kwanza ulisema mwenyewe, mbele ya watu, hukutaka msaidizi. Na haya sema mwenyewe." Akarudi kwenye sufuria zake.

Ungeniuliza, mwanangu, kwa nini sikumtafuta mtu mwingine anisemee? Binti yao Talaso alikuwapo. Wajukuu walikuwapo. Au kwa nini sikujifunza hizo ishara mwenyewe? Aliishi miaka mingine mitano. Kwa miaka mitano hata punda hujifunza njia. Nikupe jibu lenyewe bila kulipaka asali: nilipotoka pale nyumbani nilihisi nafuu. Nilijiambia nimekwisha kuomba. Kwamba hakusikia, nikalifanya kuwa jambo lake.

Alizikwa siku ya Ijumaa. Nilisimama nyuma ya wote, nje ya ukuta wa makaburi, kwani sikuona mahali pangu ndani. Vijana wawili wa bodaboda walipita, mmoja akamuuliza mwenzake, "Leo ni nani anazikwa?"

"Ni Mono," akajibu yule mwingine. Hakuwa akicheka. Hakuwa na nia mbaya. Alikuwa kijana mdogo, na hilo ndilo jina pekee la marehemu alilopata kulijua.

Basi nikuusie, mwanangu, na usingoje mtu mwingine akuusie kwa ukali zaidi. Ukigundua aibu ya mwenzako, au ugonjwa wake, au upungufu wake, umekabidhiwa amana. Mwite pembeni umwambie. Mwambie kweli, hata ikiuma, lakini ukiwa naye peke yake. Ukweli ule ule ukisemwa chumbani ni dawa, na ukisemwa mbele ya benchi ni fimbo. Anayepigwa fimbo hakimbilii hospitali, hukimbilia kujificha. Hujafa hujaumbika, na wanaocheka nawe leo hawatakubebea lawama kesho. Wale wa benchi langu wametawanyika wote.

Na ukiwa umekwisha kukosea, maana utakosea, rudi upesi. Usingoje maneno matamu, usingoje siku nzuri. Rudi kesho yake ukiwa bado unatetemeka. Mtu akija kukuuliza kwa hofu juu ya mgonjwa wake, mjibu lililo kweli hata likikuvua nguo, maana aibu yako haina uzito wa uhai wa mtu. Msamaha una wakati wake wa kupokeleka, na wakati huo hautangazwi ukipita. Mimi nilifika umepita. Sikuambii haya ili unihurumie. Mama Talaso bado yu hai, tukikutana njiani ananiitikia salamu, na haongezi neno. Hiyo ni haki yake.

Mungu akulinde na ulimi wako mwenyewe kabla ya kukulinda na maadui. Akupe moyo wa kuona haya mapema, kungali kukisaidia, na miguu myepesi ya kurudi ulikokosea. Na siku utakayobisha hodi kuomba radhi, mwenye nyumba awe angali anaweza kukufungulia. Amina, mwanangu. Nenda salama.